Sumu za mazingira na watoto wetu: maswali yanayoulizwa kila siku kuhusu utafiti, vipimo na majibu yake

Haya maswali nimeyakusanya kwa akina mama na akina baba wanaoniuliza yaleyale kila tukikutana, kliniki, sokoni, hata msibani. Nimekaa zaidi kwenye risasi, ile metali, manake ndiyo iliyotuumiza hapa Mombasa na ndiyo iliyochunguzwa kwa watoto kuliko sumu nyingine karibu zote, lakini zebaki na dawa za shamba nazo zimo. Nikikuambia nenda swali la ngapi, nenda, sitaki kurudia jambo moja mara tatu.

## Ya msingi

1. Hizi "sumu za mazingira" ni zipi hasa?

Ni kemikali ambazo mtoto anazipata bila mtu yeyote kumpa. Ziko kwenye vumbi la sakafuni, hewa, maji, chakula, rangi ya ukuta, nguo za baba akitoka kazini. Zinazochunguzwa sana kwa watoto ni risasi, zebaki, arseniki, dawa za kuulia wadudu, moshi, na zile kemikali za kulainisha plastiki.

Kila moja ina njia yake ya kuingia na ina muda wake wa kukaa mwilini. Kwa hiyo mtu akikuambia "mtoto wako ana sumu", muulize palepale: sumu gani, mmeipima kwenye nini, na ni kiasi gani. Asipoweza kujibu hayo matatu basi bado hajakuambia kitu.

2. Risasi ndiyo ile ya bunduki?

Metali ni hiyohiyo. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kiarabu na maana yake ni hiyo metali, ile ya bunduki ikapata jina kwa kuwa inatengenezwa nayo. Wengine siku hizi wanaiita ledi. Iko kwenye betri za gari, rangi za mafuta za zamani (na mpya zingine), ule waya anaochomelea fundi redio, na kwa miaka mingi ilikuwa kwenye petroli.

Hii ya petroli watu wamesahau upesi sana. Waliianza Marekani miaka ya 1920 ili injini isigonge, ikasambaa dunia nzima, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho kabisa kuacha kuiuza kwenye vituo ilikuwa Algeria, Julai 2021. Yaani kama ulikulia mjini kabla ya 2006 wewe mwenyewe umeivuta, na ardhi ya kandokando ya barabara kubwa bado inayo.

3. Mbona mnasema watoto tu? Si sote tunavuta hewa moja?

Hewa ni moja lakini mwili si mmoja. Mtu mzima akimeza risasi, tumbo lake linachukua kama asilimia 10 hivi, iliyobaki inatoka chooni. Mtoto mdogo anachukua asilimia 40 mpaka 50 ya ileile. Halafu mtoto anatambaa, anaokota, kila kitu kinaenda mdomoni, na ukilinganisha na uzito wake anakula, anakunywa na anavuta hewa nyingi kukuzidi wewe.

Kingine ni kwamba ubongo wake bado unajengwa. Mwili unaichukua risasi ukidhani ni kalsiamu, unaipeleka kwenye mifupa, meno na ubongo, mahali penye kazi ya ujenzi ndipo inapokwenda. Na mtoto mwenye upungufu wa damu, yule asiyepata madini ya chuma ya kutosha, anaichukua zaidi, ndiyo maana utaona hii shida inawabana watoto wa nyumba zilezile ambazo chakula tayari ni shida.

4. Dalili zake ni zipi? Nitajuaje kwa kumuangalia?

Hutajua. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama, wanangojea mtoto augue. Ikiwa juu sana atatapika, tumbo litamuuma, atafunga choo, atakuwa mweupe wa kukosa damu, na ikizidi anapata degedege na anaweza kufa. Lakini kiwango cha kati na cha chini hakina sura, mtoto anacheza vizuri kabisa, anakula, huku akili na utulivu wake vinapungua polepole. Degedege lenyewe linachukuliwa kuwa malaria au mambo ya kurogwa, na hapo muda umeshapotea.

Njia ya kujua ni moja, kupima.

## Vipimo na namba

5. Watafiti wanachukua nini kwa mtoto, ni damu tu?

Inategemea wanatafuta nini. Risasi wanapima kwenye damu, na kwenye damu inakaa kama mwezi mmoja ndipo ipungue nusu, kwa hiyo kipimo cha damu kinakuambia ya siku za karibuni, hakikuambii ya mwaka juzi. Iliyohamia kwenye mfupa inakaa miongo. Zebaki inayoingia kwa kula samaki wanaipima kwenye nywele au damu. Dawa nyingi za shamba zinatoka kwa mkojo ndani ya siku chache, ndiyo maana utashangaa wanarudi kila mara kuomba mkojo. Wengine wanachukua damu ya kitovu mtoto akizaliwa.

Na meno! Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman na wenzake walichapisha utafiti wa miji ya Chelsea na Somerville huko Massachusetts, Marekani, waliwaomba watoto wa shule meno yao ya utoto yanapong'oka, wakakusanya ya watoto zaidi ya 2,000. Jino linahifadhi historia ya risasi tangu utotoni. Wale ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama za chini kwenye vipimo vya akili, na walimu wao, bila kujua nani ana nini, walikuwa wameshawaandika kuwa hawatulii darasani. Hakuna mtoto aliyechomwa sindano. Mimi huu utafiti naupenda sana kwa hilo.

6. Walimchoma kidole wakasema iko juu, halafu wanataka kumtoa tena mkononi. Ni wizi wa damu?

Hapana mama, hapo wanafanya kazi vizuri. Damu ya kidole inachafuliwa kirahisi, kama mtoto alikuwa anacheza mchangani na kidole hakikuoshwa kwa sabuni, vumbi la kwenye ngozi linaingia kwenye tone la damu na namba inapanda ya uongo. Ndiyo maana kipimo cha kidole kikiwa juu lazima kihakikishwe kwa damu ya mshipa. Kikiwa chini kinaaminika.

7. "Mikrogramu 5 kwa desilita" maana yake nini? Na mbona zamani tuliambiwa 10?

Ni kiasi cha risasi kwenye damu. Desilita ni mililita 100, karibu nusu ya kikombe kidogo cha chai. Mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Kwa hiyo ni kitu kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha kudhuru.

Namba imekuwa ikishuka kadiri utafiti ulivyoendelea. Marekani miaka ya 1960 walikuwa wanaona 60 ndiyo ya kushtuka, 1985 ikawa 25, 1991 ikawa 10, 2012 ikawa 5, na 2021 ikawa 3.5. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema mtoto akiwa na 5 au zaidi basi chanzo kitafutwe na kiondolewe. Tafadhali usiisome 5 kama mpaka wa usalama, kwamba 4.8 ni salama. Hakuna kiwango ambacho utafiti umekikuta ni salama kwa mtoto. Hiyo namba ni ya kuwaambia watu wa afya waanze kazi.

Kwa kipimo hichohicho, UNICEF na Pure Earth, shirika la kupambana na uchafuzi, mwaka 2020 walikadiria mtoto mmoja kati ya watatu duniani, mpaka milioni 800, yuko kwenye 5 au juu yake. Wengi wako nchi kama zetu.

8. Wanajuaje ni risasi iliyopunguza akili na sio umaskini, lishe, au shule mbovu?

Swali zuri kuliko yote na viwanda vya risasi navyo vililiuliza kwa miaka, Needleman mwenyewe alishtakiwa kuwa amepika utafiti wake, akachunguzwa, akasafishwa.

Jibu ni kwamba hawategemei utafiti mmoja. Wanafuatilia watoto tangu tumboni au uchangani kwa miaka, wanapima risasi mara kwa mara, na wanaandika pia akili na elimu ya mama, kipato, hali ya nyumba, uzito wa kuzaliwa, halafu wanalinganisha watoto wanaofanana kwa hayo yote wakitofautiana kwa risasi. Mwaka 2005 waliunganisha tafiti saba za namna hiyo, Boston, Cincinnati, Cleveland, Rochester, Mexico City, Port Pirie ya Australia na Kosovo, jumla watoto 1,333. Sehemu hizo hazifanani kabisa, kuna tajiri na maskini, kuna penye mtambo wa kuyeyusha madini na pasipo, lakini mstari ukatoka uleule. Risasi kutoka 2.4 kwenda 10 iliondoka na karibu alama 4 za kipimo cha akili, na kutoka 2.4 mpaka 30 ni karibu 7.

Angalia hizo namba tena. Zaidi ya nusu ya hasara inatokea kabla hata hujafika 10. Mtu akikuambia "ya mtoto wako ni ndogo tu, usijali", mwambie ile ndogo ndiyo inayokwangua zaidi.

## Owino Uhuru

9. Ilikuwaje pale Owino Uhuru?

Kwa walio mbali: ni kitongoji cha watu wa kipato cha chini hapa Mombasa. Mwaka 2007 kikawekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za gari ili kutoa risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ukawa unaingia ndani, maji machafu yanapita kwenye mitaro ambayo watoto wanachezea.

Mwaka 2009 Phyllis Omido aliajiriwa pale kiwandani, mtoto wake mchanga akaugua, homa haiishi, madaktari wanatibu malaria na homa ya matumbo haponi, mpaka alipopimwa risasi ndipo ikajulikana. Akaacha kazi akaanza kupigania, alikamatwa, alitishwa, hakuacha. Kiwanda kikafungwa 2014, yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman 2015, na Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, baada ya hapo kesi ikaenda rufaa na kuzunguka miaka tena.

Nataka ukumbuke kwamba iliyovunja ukimya ni karatasi ya kipimo. Watu walikuwa wanalalamika tangu moshi wa kwanza na hakuna aliyewasikiliza.

10. Utafiti uliofanywa pale uligundua nini?

Ule uliochapishwa 2018 ulichukua watoto wa mwaka mmoja mpaka chini ya miaka mitano, 130 wa Owino Uhuru na 65 wa kitongoji cha Bangladesh (hiki cha hapahapa Mombasa, sio ile nchi). Wastani wa risasi kwenye damu Owino Uhuru ulikuwa 7.4, Bangladesh 3.7. Kuna mtoto wa Owino Uhuru alifika 31. Udongo nao walipima: miligramu 146.5 kwa kilo upande wa Owino Uhuru, 11.5 upande wa pili. Na watoto wanaokaa ndani ya mita 200 kutoka kiwandani ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi ya kupita 5.

11. Kwa nini waliwasumbua watoto wa Bangladesh ambao hawana kiwanda?

Bila wao ile 7.4 haisemi kitu. Mtu wa kiwanda angekuja aseme "watoto wote wa vitongojini wako hivyo, ni rangi, ni barabara, ni mabati". Bangladesh ni watu wa hali ileile, nyumba zilezile, mji uleule, tofauti kubwa ni mtambo. Kwa hiyo mzazi wa kule aliyekubali mtoto wake achomwe sindano alimsaidia mtoto wa jirani ambaye hajamjua, na mimi kila nikipata nafasi huwa naona washukuriwe na wao. Lakini ona pia kwamba 3.7 sio sifuri. Hata wasio na kiwanda wanaipata mahali, soma swali la 17.

## Ridhaa, pesa na majibu

12. Wakija kwetu na fomu, ni lazima nikubali?

Sio lazima, na ukikubali leo unaweza kujitoa kesho bila kunyimwa matibabu. Fomu isomwe kwa lugha unayoielewa, usiweke sahihi kwa sababu mwenyekiti wa mtaa ameweka. Uliza wanachukua nini, mara ngapi, damu inakwenda wapi, itatunzwa muda gani, na swali la 14 usiliache kabisa. Mtoto mkubwa kidogo anayeelewa naye aulizwe, akikataa kulazimishwa sio vizuri.

13. Wanatoa pesa au zawadi, kuna ubaya?

Nauli na muda wako kulipwa ni haki. Ubaya unakuja pale zawadi inapokuwa kubwa mpaka mzazi anaacha mtoto kwenye hatari ili aipate.

Mwaka 2004 shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, lilipanga utafiti Florida wa kufuatilia watoto wadogo kwenye nyumba zinazopulizwa dawa za wadudu, familia ilipwe mpaka dola 970 na kamera ya video, na chama cha viwanda vya kemikali kikiwa kinachangia gharama. Watu wakauliza, sasa mzazi maskini si ataendelea kupuliza ili asitolewe? Kelele zikawa kubwa, Aprili 2005 ukafutwa. Kwa hiyo mzazi wa Changamwe, hapa Mombasa, akiuliza "nani analipia huu utafiti" asionekane mkorofi.

14. Wakikuta mtoto wangu ana sumu, lazima waniambie?

Lazima, na upesi. Ukiambiwa "majibu ni ya watafiti tu" usiweke sahihi.

Kisa kilichofundisha dunia ni cha Baltimore, Marekani, miaka ya 1990. Watafiti walikuwa wanalinganisha njia za bei tofauti za kupunguza rangi ya risasi kwenye nyumba za kupanga, na familia zenye watoto wadogo zikakaa mle, watoto wakipimwa damu kuona njia ipi inafanya kazi. Baadhi ya watoto risasi ikapanda, wazazi wakaenda mahakamani wakisema hawakuambiwa mapema wala kuelezwa hatari yote. Mahakama ya juu ya jimbo lao, Maryland, mwaka 2001 ikasema waziwazi kwamba mtafiti ana wajibu kwa mtoto anayemchunguza, sio kwa data yake peke yake. Mtoto akawa ndiye kipimo cha kama nyumba ni safi, hilo ndilo lililowakasirisha watu, na mimi linanikasirisha mpaka leo.

Nilishakutana na mama ambaye mtoto wake alitolewa damu mara mbili na watu waliokuja na gari zuri, hakuona karatasi hata moja, miaka ikapita. Kwa hiyo uliza kabla ya sindano: majibu lini, nani ataniletea, mtoto akikutwa na namba kubwa mtanipeleka wapi, na chanzo mtakifanya nini. Andika jina na simu ya kamati ya maadili iliyo kwenye fomu, ipo hapo kwa ajili yako.

## Nyumbani

15. Kipimo cha mwanangu ni 12. Nifanye nini?

Kwanza hakikisha ni cha mshipa (swali la 6). Halafu tafuta chanzo, hilo ndilo tiba. Fikiria nani nyumbani anafanya kazi ya betri, skrepa, kuchomelea, kupaka rangi, kuchimba dhahabu. Angalia rangi inayobanduka, vyombo, viungo vya chakula, wanja, udongo wa uani. Wakati unatafuta, deki kwa maji badala ya kufagia vumbi kavu, viatu vibaki mlangoni, mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, vitu anavyochezea pia.

Chakula chenye chuma, kalsiamu na vitamini C kinasaidia mwili usichukue nyingi: maharage, dagaa, mchicha, maziwa, machungwa. Asikae na njaa muda mrefu, tumbo tupu linaichukua zaidi. Mpime tena baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu, namba ikigoma kushuka ujue chanzo bado kipo.

16. Kuna dawa ya kuitoa? Nimeambiwa ndimu, mkaa, na majani fulani yanasafisha damu.

Ndimu ni vitamini C, mpe, haina neno, lakini haiwezi kung'oa risasi. Mkaa hauikamati vizuri. Majani ya kusafisha damu acha kabisa, dawa zingine za kienyeji zenyewe zimekutwa na risasi.

Dawa za hospitali za kuivuta zipo, zinatolewa risasi kwenye damu ya mtoto ikiwa 45 au zaidi, chini ya uangalizi wa daktari. Zinaokoa maisha. Ila hazirudishi akili iliyokwisha kupotea, na zikitolewa huku mtoto anarudi kulala kwenye vumbi lilelile ni kazi bure. Kule Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu nyumbani na mawe yana risasi, watoto wasiopungua 400 wakafa. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilishikilia kwamba kijiji kisafishwe kwanza, udongo wa juu uondolewe, ndipo watoto watibiwe. Kijiji cha Bagega kikasubiri usafi mpaka 2013. Miaka mitatu, fikiria mtoto wa mwaka mmoja.

17. Hatuna kiwanda karibu. Inaweza kutoka wapi?

Sufuria nzito zinazotengenezwa na mafundi kutokana na vyuma chakavu. Watafiti walipima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vilitoa risasi kwenye maji yenye ukali kama wa chakula. Skrepa inachanganya kila kitu, hata fundi mwenyewe hajui ameyeyusha nini. Vitu vichachu kama ukwaju, nyanya na ndimu usivilaze mle.

Wanja. Najua tunawapaka watoto wachanga tangu enzi za mabibi, lakini aina zingine za wanja wa jiwe ni karibu risasi tupu iliyosagwa. Wa masizi wa nyumbani ni kitu kingine. Usiojua ulipotoka usimpake mtoto.

Udongo wa kula, pemba au odowa, hasa kwa wajawazito. Utafiti uliofanywa sehemu za uchimbaji dhahabu kaskazini mwa Tanzania ulipima hiyo pemba na ukakuta madini yenye sumu.

Viungo vya unga. Bangladesh (hii sasa ni nchi) watafiti waligundua manjano inang'arishwa kwa rangi yenye risasi, serikali ikaingia sokoni 2019, wauzaji wakapigwa faini, na kufikia 2021 walipopima sokoni hawakuikuta tena. Miaka miwili tu. Manjano nzima ukasaga mwenyewe ni salama zaidi. Na rangi za mafuta: kiwango kinachotakiwa hapa kwetu ni sehemu 90 kwa milioni, uliza dukani, wakijua tunauliza watabadilika.

18. Nina mimba au nanyonyesha, nifanyeje? Niache kunyonyesha?

Kunyonyesha usiache kwa hofu. Kwa viwango vya kawaida faida ya maziwa inazidi, Marekani wanamshauri mama asimamishe kwanza risasi kwenye damu yake ikiwa 40 au zaidi, hapo ni daktari anakuongoza na anampima mtoto.

Mimba ndiyo yenye mambo. Zamani madaktari waliamini kondo la nyuma linamkinga mtoto. Minamata, Japani, ndiko imani hiyo ilikovunjikia: kiwanda kilimwaga zebaki baharini, ugonjwa ukatambuliwa 1956, na wakaonekana akina mama ambao wenyewe wana dalili ndogo tu au hawana huku watoto wao wamezaliwa na ubongo ulioharibika vibaya. Risasi nayo inavuka, na wakati wa ujauzito ile iliyolala kwenye mifupa ya mama tangu utoto wake inatoka pamoja na kalsiamu. Kula vyakula vyenye kalsiamu, acha pemba, nenda kliniki mapema.

19. Basi samaki wana zebaki, tuache samaki?

Hapana. Hapa kuna tafiti mbili kubwa ambazo watu wanazipiganisha. Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, walikuta watoto waliopata zebaki tumboni wanapungukiwa kwenye kumbukumbu, usikivu na lugha, Shelisheli jirani zetu wanakula samaki karibu kila siku na waliofuatilia watoto miaka mingi hawakuona madhara ya namna hiyo. Nani mwongo? Hakuna. Faroe zebaki ilitoka sana kwenye nyama ya nyangumi, yenye uchafu mwingine pia, Shelisheli ni samaki wa kawaida wa bahari, wenye mafuta mazuri kwa ubongo. Kwa hiyo kula dagaa, vibua, changu, tafi. Papa na nduaro, wale wakubwa wanaokula wenzao, mjamzito na mtoto wapunguze.

## Maswali ya pembeni

20. Kiwanda kimefungwa miaka mingi, si yamekwisha?

Risasi haiozi. Kabwe nchini Zambia mgodi ulifungwa 1994 na mpaka leo watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wanakutwa na risasi nyingi mno kwenye damu. Bila udongo kuondolewa au kufunikwa, sumu inabaki pale pale watoto wanapocheza.

21. Mimi ni fundi betri, ndiyo kazi inayotulisha. Mnataka niache?

Sijakuambia uache. Kazi isiletwe nyumbani: badilisha nguo na oga kabla ya kumbeba mtoto, nguo zifuliwe peke yake, betri zisipasuliwe uani. Thiaroye-sur-Mer, Dakar, Senegal, watu walikuwa wanachekecha mchanga wa betri kutafuta vipande vya risasi vya kuuza, na kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 wakafa. Walikuwa wazazi wanaotafuta riziki kama wewe.

22. Mtoto wangu kipimo chake cha damu ni 6 na darasani hafanyi vizuri. Ni risasi?

Kwa mtoto mmoja hakuna anayeweza kukuhakikishia. Tafiti zinasema juu ya kundi, alama chache zinazopungua kwa watoto wengi, hazisemi Juma amefeli hesabu kwa sababu ya risasi. Mpime macho, masikio, damu, lishe. Ondoa chanzo. Na muongeleshe, msomee, cheza naye, mtoto aliyepata risasi bado anajifunza, usimkatie tamaa wala usiruhusu mwalimu amkatie.

23. Tunakaa karibu na mashamba yanayopulizwa dawa, kuna utafiti?

Upo. Unaojulikana zaidi ni wa bonde la Salinas, California, unaitwa CHAMACOS, wa Chuo Kikuu cha Berkeley. Tangu 1999 waliandikisha wajawazito 601, wengi familia za vibarua wa mashamba kutoka Mexico, wakapima mabaki ya dawa kwenye mkojo wa mama, watoto wakapimwa akili wakiwa na miaka 7. Waliopata nyingi zaidi tumboni walikuwa nyuma kama alama 7 ya waliopata kidogo zaidi. Watoto wafungiwe ndani wakati wa kupuliza, nguo zianuliwe kwanza, na tafadhali chupa la dawa lisigeuzwe la mafuta ya taa wala la maji.

24. Kwetu hakuna mtafiti aliyewahi kufika. Tunaanzia wapi?

Tafiti kubwa ni ghali. Japani walianza mwaka 2011 kufuatilia watoto kama 100,000 na wanaendelea, Marekani walitaka idadi hiyohiyo tangu sheria ya mwaka 2000 na Desemba 2014 wakaufunga baada ya kutumia fedha nyingi. Msisubiri wa namna hiyo uje mtaani kwenu.

Anzeni na daftari. Andikeni nyumba kwa nyumba, mtoto gani alipata degedege, mimba gani ziliharibika, kuku na mbuzi wangapi walikufa, umbali kutoka kwenye moshi, tarehe. Halafu chagueni watoto wachache wa karibu na wa mbali na moshi mchange wapimwe damu, risasi inapimika kwenye maabara kubwa za mjini. Nakala ya majibu mbaki nayo nyinyi, nyingine ipelekeni kwa afisa wa afya na kwa mamlaka ya mazingira ya nchi yenu (Kenya ni NEMA), na mgongewe muhuri wa kupokelewa. Omido alianza na mtoto wake, akawapeleka kupimwa na watoto wengine wa pale, wakakutwa nayo wao pia.